Mafia kuna nini?

Binti Kurasini: Wakuu, habari za jioni. Mimi na mume wangu tuna siku nne Desemba. Zanzibar tumekwenda mara tatu, Forodhani naijua kama Kariakoo. Nikitaja kisiwa cha Mafia watu wanacheka jina kwanza. Huko kuna nini hasa?

Mzee wa Rangi Tatu: Binti yangu, jina halihusiani na majambazi wa Italia, tulimalize hilo. Mimi mzaliwa wa Kilindoni, hukohuko Mafia. Miaka thelathini niko Dar, na papa potwe nimekuja kuogelea naye mwaka juzi, tena kwa kulipia, kama mgeni! Nanyi mmeotea msimu. Huyu anasogea karibu na Kilindoni kufuata dagaa na vijidudu vya majini. Urefu kama Coaster, madoa meupe mgongoni, wala hana habari na mtu.

Kisha nendeni Utende mvuke hadi kisiwa cha Chole. Wajerumani waliweka makao yao pale kabla ya kuhamia Kilindoni 1913. Leo mizizi imekumbatia kuta zao. Mwaka 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakawa wanarusha ndege kuisaka manowari Königsberg iliyojificha delta ya Rufiji. Vita ya dunia ilipita uani kwetu, shuleni tukakaririshwa Sarajevo.

Msiache Kua, kisiwani Juani. Misikiti na jumba la mtawala, magofu matupu. Mji uliangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Ila wazee wana kisa chao, cha kisasi kati ya Kua na Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia. Mtafuteni mtu mzima awasimulie, vijana wanakikata katikati.

Fundi AC: Mzee, usafiri je?

Mzee wa Rangi Tatu: Basi la Nyamisati hapa Mbagala, halafu boti hadi Kilindoni. Wenye haraka wapande ndege. Boti inasubiri maji yajae, kwa hiyo msipange kurudi jioni na asubuhi yake uko kazini. Mimi nililala Nyamisati juu ya begi langu, mbu wakanila hadi kwenye kope.

Fundi AC: Na usiku, muziki upo?

Mzee wa Rangi Tatu: Jioni utawaona popo wa Chole wakiruka, wakubwa kama kunguru. Baada ya hapo ni pweza wa nazi na kulala.

Binti Kurasini: Umesema pweza wa nazi? Mume wangu nitamweleza habari za mbu tukishafika Nyamisati.