Acheni kutumia miaka bilioni 13.8 kuthibitisha kitu ambacho namba hiyo haikipimi

Wakuu, hii tabia imezidi. Mada ya chanzo cha ulimwengu ikianzishwa tu, upande mmoja unadai sayansi imethibitisha kila kitu kilitokea pasipo kitu miaka bilioni 13.8 iliyopita. Upande wa pili unajibu kwamba darubini ya anga ya James Webb, kwa kuona galaksi angavu za mapema mno, imeua Mlipuko Mkuu (Big Bang, nadharia kwamba ulimwengu ulianza kutanuka kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa), kwa hiyo ulimwengu haukuwa na mwanzo. Pande zote mbili zinapotosha, na wengi hawajui hata hiyo namba inapatikanaje.

Inapatikana hivi. Galaksi zinaachana kwa takriban kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki ya umbali. Megaparseki moja ni kilomita 3.086 × 10¹⁹. Gawanya kwa 70, unapata sekunde 4.4 × 10¹⁷. Mwaka una sekunde 3.156 × 10⁷. Gawanya tena, unapata miaka kama bilioni 14. Hapo umechukulia kwamba kasi haikubadilika, na si kweli. Kwa mabilioni ya miaka uvutano ulipunguza kasi ya kutanuka, kisha katika miaka bilioni 5 hivi ya karibuni nishati ya giza (kitu kisichojulikana bado kinachosukuma utanukaji) ikaiongeza. Athari hizo mbili karibu zinafutana, ndiyo maana hesabu kamili inaangukia 13.8.

Sasa hesabu hiyo imepima nini? Imepima muda tangu ulimwengu uwe na joto kali na msongamano mkubwa. Basi! Ukiirudisha milinganyo ya Einstein ya uvutano nyuma hadi sifuri, msongamano unakuwa hauna kikomo, na hapo ni nadharia iliyovunjika, si tukio lililopimwa. Kabla ya sekunde 10⁻⁴³ inahitajika nadharia ya kwanta ya uvutano, yaani inayounganisha uvutano na fizikia ya vitu vidogo kabisa, na hakuna aliyeikamilisha. Anayetangaza kilichotokea kwenye sifuri anatoa imani yake; aiite imani.

Nanyi wa James Webb, ule mnururisho wa maikrowevu, mwanga wa kale ulioenea angani kote, uliogunduliwa na Penzias na Wilson mwaka 1964 mtaupeleka wapi? Uliachiwa ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000 na joto la kelvini 3,000 hivi. Tangu hapo umbali umetanuka mara 1,100 hivi. Gawanya joto hilo kwa 1,100: kelvini 2.7, na vyombo vinasoma 2.725. Heliamu nayo ni karibu robo ya maada ya kawaida kwa uzito, na nyota peke yake haziwezi kutengeneza kiasi hicho; sehemu kubwa inahitaji joto lile la mwanzo. Wale wa "mwanga uliochoka", wanaodai ulimwengu hautanuki bali mwanga hupoteza nishati njiani, ndio wananikera zaidi: supanova (nyota inayolipuka) ambayo mawimbi ya mwanga wake yamenyooshwa mara mbili, hata kufifia kwake kunachukua muda mara mbili. Mwanga ukichoka njiani unapoteza nishati, lakini haupunguzi mwendo wa saa. Galaksi angavu za mapema zimetikisa hesabu za jinsi galaksi zinavyoundwa, si Mlipuko Mkuu. Galaksi JADES-GS-z14-0, mojawapo ya hizo, yenyewe iko karibu miaka milioni 300 *baada* ya kipindi hicho cha joto.

Halafu tenganisheni mahali na wakati, jamani. Ulimwengu unaweza kuwa hauna kikomo kwa ukubwa na bado ukawa na mwanzo. Miaka ya nuru bilioni 46 ni umbali hadi ukingo wa tunachoweza kukiona, si ukuta.

Na msilete wanafizikia Borde, Guth na Vilenkin nusunusu. Walichoonyesha mwaka 2003 ni kwamba ulimwengu uliokuwa ukitanuka kwa wastani hauwezi kuwa umetanuka hivyo tangu milele. Kilichotangulia utanukaji huo hawakukithibitisha.

Kwa hiyo ukija na dai, taja modeli yako na mahali inapokwama. Ukishika ulimwengu unaojirudia, unaotanuka na kusinyaa tena na tena, jibu kwanza hoja ya mwanafizikia Tolman ya miaka ya 1930: entropia (kipimo cha vurugu) inarundikana, kila mzunguko unakuwa mrefu kuliko uliotangulia, na ukihesabu kurudi nyuma mizunguko inafupika mpaka unakutana na mwanzo uleule uliokuwa unaukimbia.