Shahada ya elimu ya awali: ina ajira gani, na mtumishi aanzie wapi?

ChakiNyeupe: Wakuu, habari. Nina stashahada ya ualimu, niko kazini shule ya msingi ya serikali, darasa la awali. Nataka kusoma shahada ya elimu ya awali, ila wenzangu wanasema bora shahada ya ualimu ya masomo mawili ya kufundishia, nihamie sekondari. Ipi ina nafasi, na nianzie wapi nisiharibu kazi?

Mwl_Mapera: Mwalimu, anza na ruhusa, chuo baadaye. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo inaenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata na afisa elimu msingi. Hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Wengi wanaumia hapa: wanaondoka kwa ruhusa ya mdomo, wanahesabiwa watoro kazini, na wakihitimu wanahangaika kubadilishiwa muundo, yaani cheo cha utumishi kulingana na elimu mpya, kutoka Mwalimu Daraja la IIIB (ngazi ya mshahara TGTS C) kwenda IIIC (TGTS D). Cheti peke yake hakipandishi mshahara.

Sifa za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa mwenye stashahada ya ualimu ni wastani wa B, pamoja na ufaulu wa D nne kidato cha nne. Kozi ipo UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), miaka mitatu.

KonaYaVitabu: Kuhusu sekondari, elewa kabisa kwamba shahada hii haikupi masomo mawili ya kufundishia. Ukiisoma kwa nia ya kuhamia huko, tangazo la ajira litakukataa kwenye mstari wa sifa. Milango yake ni mingine: ukufunzi vyuo vya ualimu, shule binafsi, na miradi ya makuzi ya mtoto, hasa tangu Serikali izindue PJT-MMMAM, programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, mwaka 2021.

Mimi ningesema baki awali. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, lakini madarasa mengi yana watoto mara mbili au tatu ya hao. Darasa la namna hiyo haliendeshwi kwa ubao na kuimba herufi kwa pamoja. Linataka mtu anayejua kugawa makundi, kupanga kona za ujifunzaji, kutengeneza zana kwa vifuniko vya chupa na maboksi, na kumtambua mapema mtoto asiyesikia vizuri kabla hajaitwa mzito. Ujuzi huo ndio kiini cha shahada hii.

ChakiNyeupe: Asanteni sana. Na kufungua kituo changu baadaye?

Mwl_Mapera: Tofautisha mambo mawili. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasajiliwa upande wa Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Anzia kwa afisa ustawi wa halmashauri. Shule ya awali inasajiliwa na Wizara ya Elimu, na wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) wanakagua majengo, vyoo na walimu. Usajili wa kituo haukuruhusu kuendesha darasa la awali, kwa hiyo amua unataka kipi kabla hujajenga.