Nimebadilisha kodi HERUFI MOJA, saa nzima niko foleni! Hawa jamaa wana laana

Mzee wa Kupushi
Wakuu leo sina salamu. Nitasalimia kesho nikipoa.

Mnawajua. Siwataji, nisije nikawapa umaarufu wa bure. Wale wale wa mashine za kubildia za kukodi, unawatumia kodi kwa mtandao, kompyuta zao zinaigeuza programu kamili na kuijaribu, wenye kiduara cha njano kinachozunguka kama feni ya kinyozi wakati wewe unazeeka. Ndio hao hao, usijifanye huwajui.

Kisa chenyewe. Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, mteja anapiga. Kwenye programu yake ya simu kitufe kinasomeka "LPIA" badala ya "LIPIA". Herufi moja wakuu. Tena I, herufi nyembamba kuliko zote, hata wino haili. Nikaingia kwenye kodi, yale maandishi ya programu, nikaichomeka, nikapushi, yaani nikaituma kwao ikabildiwe. Nikamgeukia bosi nikasema, "Dakika kumi mzee, inakuwa tayari." Mdomo wangu huu.

Foleni. "Inasubiri mashine." Dakika tano. Kumi. Nikaenda kununua maji, nikarudi, bado. Muuza karanga kapita ofisini kwetu, kazunguka mtaa mzima, kapita tena, kaniuliza "bosi bado uko hapo?" Dakika 41 ndiyo mashine ikapatikana. Nikasema afadhali. Ikaanza kubildi mwendo wa lori la saruji linapanda Sekenke. Dakika 19. Ikafika kwenye testi, yale majaribio ya kuhakiki programu. Testi ya 212 kati ya 214, naziangalia mbili zilizobaki kama mtu anayeangalia mwezi wa Idi, ghafla: "Mashine imepoteza mawasiliano." Nyekundu. Rudi mwisho wa foleni.

Na bosi kasimama nyuma ya kiti changu. Hakufoka. Angefoka ningeelewa. Kauliza polepole, ile sauti ya kumuuliza mtoto aliyevunja sahani: "Kijana. Herufi moja?"

Kibaya zaidi, kuna kijana yuko kwetu kwa mafunzo. Laptopu yake Core i5 ya kizazi cha nane, kioo kina ufa, kitufe cha Enter kilishang'oka anabonyeza kwa mfuniko wa kalamu. Mzigo ule ule kaubildi kwa dakika saba. SABA. Bosi kamwona. Bosi kanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Nikawaandikia wale jamaa. Kujibu hawana foleni, wamejibu hapo hapo: wastani wa kusubiri kwao leo ni sekunde 9, na kama naona tabu nipandishe kifurushi. Sekunde tisa! Na zile dakika 19 za bildi iliyofia mkononi mwao wamezikata kwenye salio langu.

"Kijana. Herufi moja?" Nitazikwa na hii sentensi.

Kobe wa Changuu
Pole mkuu. Nimecheka mpaka kahawa imenimwagikia, ila pole. Swali dogo tu: hiyo LPIA ilipitaje kwenye testi 214?

Mzee wa Kupushi
Kobe, kuna watu wanatakiwa kufungiwa humu.

Kobe wa Changuu
Nimeuliza tu mkuu. Testi 214 na hakuna hata moja inayojua kusoma.

Mtoto wa Ubungo
Chai hii. Dakika 41 foleni haijawahi kutokea. Weka picha.

Mzee wa Kupushi
Picha ninayo ya uso wa bosi, nayo siiweki.

Binti wa Terminali
Mleta uzi, umelia sana ila hujapima. Weka lscpu, amri ya kuonyesha prosesa ya mashine, iwe ya kwanza kwenye kila bildi, uone unapewa nini. Mimi nimefanya hivyo miezi miwili. Jina la kifurushi lile lile, bei ile ile: Jumanne napewa EPYC 7763, chipu ya seva ya AMD ya 2021, Alhamisi napewa Xeon ya Intel iliyoanza kazi kabla mdogo wangu hajaanza darasa la kwanza. Bildi ile ile, kule dakika 9, huku 14. Hakuna aliyeniambia "samahani dada, leo tumekupa punda".

Halafu hizo "kori mbili" mnazolipia, kori ni kile kichwa kinachofanya kazi ndani ya prosesa. Kwenye mashine nyingi za klaudi, hizi za kukodi mtandaoni, za Intel na AMD hiyo siyo kori mbili, ni thredi mbili, foleni mbili za kazi zinazogawana kori moja. Umeambiwa chumba na sebule, ukifika ni chumba kimoja kimekatwa na pazia.

Mzee wa Kupushi
PAZIA. Mungu wangu. Mwaka mzima nalipia pazia.

Kaka wa Inveta
Ndiyo maana nilishaacha kukodi. Nina kompyuta ya prosesa ya Ryzen 9 7950X chini ya meza, kori 16, kasi inapanda mpaka 5.7GHz. Hiyo EPYC yenu inaishia 3.5. Ina kori 64, sawa, lakini chipu ya seva imeundwa kuhudumia wapangaji wengi kwa pamoja, siyo kumkimbiza mmoja. Bildi yako wewe inataka mbio za mtu mmoja. Nunua mashine, iweke ofisini, foleni kwaheri.

Mtoto wa Ubungo
Na umeme ukikata?

Kaka wa Inveta
Soma jina langu.

Mtoto wa Ubungo
Inveta ya kuendesha taa mbili na chaja ya Nokia ndiyo itabeba Ryzen? Tuheshimiane.

Sheikh wa Skripti
Na kori 16 zitamsaidia nini huyu ndugu? Bildi yake naijua bila kuiona: hatua za mwanzo zinagawanyika, halafu mwishoni kwenye kuunganisha mzigo wote inabaki kori moja inahema na kumi na tano zinamtazama. Gene Amdahl, mtaalamu wa kompyuta, alishasema mwaka 1967: nusu ya kazi ikiwa ni ya kufuatana, hata uweke kori elfu huipati mara mbili ya mwendo wa kwanza. Kama harusi. Wapishi unaweza kuongeza, bibi harusi anavaa mwenyewe.

Kobe wa Changuu
Sheikh hujaona siku hizi bibi harusi wanavalishwa na watu sita.

Sheikh wa Skripti
Na bado wanachelewa. Nimemaliza.

Jirani wa Bahari
Mkuu umeangalia intaneti yako kweli? Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom kwa mpigo, sisi tulidhani seva za watu zimekufa kumbe tatizo liko huku.

Mzee wa Kupushi
Jirani! Foleni iko KWAO. Mashine haijapatikana KWAO. Waya wangu unaingiaje? Ukikuta foleni hospitali unailaumu bajaji iliyokupeleka? Niliinama pale dakika 41 naangalia kiduara, intaneti ipo, kiduara chenyewe kinazunguka vizuri tu, tena kwa ulaini. Kijana. Herufi moja. Naisikia mpaka sasa.

Mkaanga Namba
Hiyo "wastani sekunde 9" ndiyo imeniuma kuliko foleni. Wastani ni mchezo wa zamani. Usiku wa manane bildi zinaingia na kutoka bila kusubiri, zinashusha hesabu. Wewe umepushi saa kumi na dakika ishirini jioni ya hapa. Ulaya ndiyo wametoka kula wamejaa nguvu, New York wamefika ofisini na kikombe mkononi wanapushi cha asubuhi. Dunia nzima iko mlangoni na wewe na herufi yako. Waulize bildi mia, zile tano zilizosubiri kuliko zote zilisubiri kiasi gani. Hawajibu hilo. Watakutumia kiungo cha vifurushi.

Na kingine: kuna wanaopandisha hesabu ya dakika. Kazi ya sekunde 11 inalipiwa dakika nzima. Nina bildi imegawanywa vipande kumi na viwili vya sekunde sekunde, kila kimoja kinakula dakika yake. Mwezi ukiisha naona nimekaa kwenye mashine zao kuliko nilivyokaa na familia.

Mzee wa Jukwaa
Laumuni wachimba sarafu za kidijitali. Zamani mashine za bure zilikuwa tele, watu wakazigeuza machimbo, wanafungua akaunti mia wanachimba usiku kucha. 2021 kampuni kadhaa zikabana huduma ya bure kwa sababu hiyo. Na baadhi ya hao wachimbaji wako humu humu jukwaani, wananisoma.

Mtoto wa Ubungo
Kwa nini unaniangalia mimi.

Mama wa Watatu
Jamani nisameheni. Nimeona "nimebadilisha kodi" na "hawa jamaa wana laana" nikaingia mbio nikijua ni uzi wa wenye nyumba. Nimesoma mpaka kwenye pazia ndiyo nimegundua nimepotea njia. Lakini kwa kuwa nimeshafika: wangu leo kapandisha, na anataka miezi sita kwa mkupuo. Sababu? Nimenunua friji. Anasema mwenye friji ana uwezo.

Kobe wa Changuu
Hahaha karibu mama, uzi huu unakuhusu kuliko unavyodhani.

Binti wa Terminali
Wangu wa zamani alikuwa anahesabu nguo kwenye kamba. Zikizidi anauliza "una mgeni?"

Mkaanga Namba
Sisi tuko wapangaji watano, luku moja. Mmoja ana jiko la umeme, anachemsha maharage toka adhuhuri. Uniti zikiisha usiku, wa kwanza kugonga milango kuomba mchango ni yeye.

Binti wa Terminali
Mkaanga, hiyo ndiyo safu ya "st" ukifungua top, amri ya kuonyesha prosesa inatumikaje, kwenye mashine ya kukodi. Ni muda ambao kazi yako ilikuwa tayari kukimbia, lakini prosesa imekwenda kwa jirani. Wewe umekaa na sufuria, yeye anachemsha maharage. Mleta uzi angeiangalia hiyo kabla ya kuja kulia.

Mzee wa Kupushi
Asante dada, nitaiangalia. Turudi kwenye mada sasa wakuu. Niko mara ya pili kwenye foleni, dakika ya 33. Kijana wa mafunzo kaondoka, kaniambia "pole kaka" huku anaweka ule mfuniko wa kalamu mfukoni.

Mama wa Watatu
Na dalali je? Dalali anachukua mwezi mzima kwa kufungua mlango tu. Tena kabla ya hapo hela ya kuonyeshwa. Nimeonyeshwa nyumba tatu, moja ina watu ndani wanakula.

Kaka wa Inveta
Mimi nilionyeshwa nyumba, nikalipa, siku ya kuhamia namkuta mwenzangu na godoro mlangoni. Kalipa na yeye.

Sheikh wa Skripti
Huko ndiko kuuza kori moja kwa wawili. Wamejifunzia kwenye klaudi.

Dalali Mwaminifu
Naona natajwa. Siyo madalali wote jamani. Hiyo hela ya kuonyesha ni nauli na viatu. Nina chumba masta Kimara, maji hayakatiki, luku yako mwenyewe, miezi mitatu tu anapokea.

Mtoto wa Ubungo
Maji hayakatiki Kimara? Hii ndiyo chai ya leo, ile ya dakika 41 naifuta rasmi. Mkuu nakuomba radhi.

Mzee wa Kupushi
Nimepokea. WAKUU. Mashine imepatikana. Testi ya 90.

Mkaanga Namba
Dalali, barabara ya kufika ikoje mvua zikinyesha?

Dalali Mwaminifu
Lami mpaka karibu.

Kobe wa Changuu
"Karibu" ya dalali ni bodaboda buku mbili.

Mzee wa Kupushi
Testi ya 211. Sipumui. Bosi kapiga simu, sijapokea.

Mama wa Watatu
Dalali, friji anaruhusu?

Dalali Mwaminifu
Friji, jiko, pasi, mpaka hiyo Ryzen ya Kaka wa Inveta. Luku ni yako mama, choma utakavyo.

Mzee wa Kupushi
IMEPITA!!! Kijani!!! Saa mbili kasoro usiku, LIPIA ina I yake. Nampigia bosi sasa hivi.

Mkaanga Namba
Hongera mkuu. Dalali, hiyo luku iko ndani au nje ukutani?

Mzee wa Kupushi
Bosi hapokei.

Dalali Mwaminifu
Ndani kabisa, nyuma ya mlango. Anayeitaka aje inboksi, kesho asubuhi naonyesha.

Mama wa Watatu
Nimeshakuja. Mbona hujibu?

Dalali Mwaminifu
Mama kuna watu wanne mbele yako.