Mnazi uliochongwa vidato unazaa, mchungwa uliotoka gome umekufa: sababu ni nini?

Mwanafunzi wa Wete

Assalaam aleikum. Naomba ufafanuzi wa jambo ambalo kitabu cha biolojia kinaligusia lakini hakilimalizi. Nyuma ya nyumba yetu ipo minazi iliyochongwa vidato tangu chini hadi karibu na makuti, na baadhi ya vidato hivyo vinaingiza nusu ya unyayo, lakini minazi yenyewe inazaa kama kawaida. Kando yake palikuwa na mchungwa uliokuwa ukifungiwa ng'ombe. Kamba ilisugua gome mpaka likatoka pande zote, upana wa vidole vitatu hivi, na sasa mti umekauka.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba haukukauka mara moja. Majani yalikaa mabichi kwa muda mrefu, na msimu uliofuata ulichanua kuliko miaka yote, hata jirani akasema kwamba mti umepata baraka. Ikiwa ulikosa maji, ulipata wapi nguvu ya kuchanua? Na ikiwa haukukosa maji, umekufa kwa nini?

Mkulima wa Konde

Waaleikum salaam mwanangu. Kwa ninavyofahamu, gome ndilo linalopandisha maji, kwa hiyo likitoka mti hufa kwa kiu. Mnazi hauna gome la namna hiyo. Una nyuzi tu, na ukikata chache nyingine zinabaki. Ng'ombe afungwe kwenye kigingi, si kwenye mti wa matunda.

Maalim Sayansi

Waaleikum salaam. Mzee wetu wa Konde amesema kweli kuhusu nyuzi za mnazi, na ushauri wake wa kigingi nauunga mkono, ila kuhusu gome la mchungwa naomba nitofautiane naye kwa heshima. Maji hayapandi kwa njia ya gome. Yanapanda kwa zailemu, ambayo katika mchungwa ndiyo mbao yenyewe, hasa sehemu yake ya nje iliyo changa. Mirija ya zailemu ni seli zilizokwisha kufa, zikabaki kuta tupu zilizoimarishwa kwa lignini, ile dutu inayoipa mbao ugumu. Jua linapopiga majani, maji hutoka kama mvuke kupitia stomata, yaani vitundu vidogo vya majani, na kwa kuwa molekuli za maji hushikamana, zile zinazotoka huzivuta zilizo nyuma yake hadi mizizini. Maelezo hayo yalitolewa na wanasayansi Dixon na Joly mwaka 1894, nayo ndiyo yanayotufahamisha jinsi maji yanavyofika kileleni mwa mnazi wa mita 25, ilhali kanieneo ya hewa peke yake haiwezi kuyasukuma zaidi ya mita 10 hivi. Kamba ya ng'ombe ilikula gome ikaiacha mbao, na ndiyo sababu majani yaliendelea kuwa mabichi.

Kilichokatika ni floemu, ambayo iko upande wa ndani wa gome. Hiyo hubeba sukari iliyotengenezwa na majani na kuipeleka inakohitajika, yaani mizizini, kwenye matunda na kwenye machipukizi. Mirija yake, tofauti na ya zailemu, ni ya seli zilizo hai, ingawa hazina kiini na huhudumiwa na seli wenza zilizo ubavuni mwake. Gome lilipotoka mzunguko kamili, sukari ilikwama juu ya jeraha, maua yakapata ziada, na huko chini mizizi ikawa inakula akiba yake ya wanga. Akiba ilipokwisha, mizizi ilikufa, na hapo ndipo maji yalipokosekana. Kiu ilikuja mwishoni kabisa. Mizizi ilikuwa na njaa tangu siku gome lilipokatika. Mwanasayansi Marcello Malpighi wa Italia aliona tangu karne ya 17 kwamba gome huvimba juu ya mkato wa aina hii. Kitazameni kisiki chenu kabla hakijawa kuni, huenda uvimbe huo bado upo.

Sasa mnazi. Huu ni monokotiledoni, yaani mmea ambao mbegu yake ina jani moja tu, na gogo lake likikatwa kwa msumeno huonesha vitone vyeusi vilivyotapakaa, vikisongamana zaidi karibu na ukingo. Kila kitone ni fungu lenye zailemu yake na floemu yake, limezungushiwa nyuzi ngumu. Kidato hukata mafungu ya upande mmoja, na mengine huendelea na kazi. Lakini mnazi hauna kambiamu, ile tabaka nyembamba ambayo katika mchungwa huzaa mbao mpya kwa ndani na floemu mpya kwa nje. Kwa hiyo kidato hakifungi kamwe: alichochonga babu kitakutwa na mjukuu upana uleule na urefu uleule kutoka ardhini. Floemu ya mnazi nayo, kwa kuwa haipati mbadala, seli zake huishi miaka mingi mno, jambo ambalo mimi binafsi naliona la ajabu kuliko urefu wa mti wenyewe. Tusidhani hata hivyo kwamba vidato havina madhara, kwani vikiwa virefu hukusanya maji ya mvua, hualika kuoza na wadudu, na hudhoofisha shina.

Mwenye shaka kuhusu floemu amtazame mgema. Anakata ncha ya karara, lile ganda linalofunika maua ya mnazi, ambalo bado halijapasuka, kwa kotama, na utomvu unadondoka kibuyuni. Utamu ule ni sukari ya floemu iliyokuwa njiani kuulisha upunga, yaani kichala cha maua kilicho ndani yake, na ndiyo maana karara linalogemwa halizai nazi.

Mwanafunzi wa Wete

Shukran sana Maalim, nawe Mzee wangu. Yamebaki mawili. Je, mchungwa ungeweza kuokolewa? Na kama mnazi hauna kambiamu, ndiyo sababu hatuoni watu wakiubebesha au kupanda matawi yake?

Bi Shamba, Chake

Ungeweza, kama mngewahi kabla mizizi haijamaliza akiba. Huchukuliwa vijiti vichanga vya mchungwa, ncha zake zikachongwa na kupachikwa chini na juu ya jeraha, kambiamu ikigusana na kambiamu, ili sukari ipate pa kupita.

Jeraha hilohilo watu hulifanya makusudi wanapotaka mche. Kwenye tawi la mndimu hutolewa pete ya gome, pakafungwa udongo wenye unyevu au makumbi yaliyoloweshwa, kisha plastiki. Sukari na homoni zinazoshuka hukwama hapo, mizizi huota juu ya pete, na tawi likikatwa huwa mti unaofanana na mama yake kwa kila sifa. Mnazi, kama ulivyohisi, haukubali lolote kati ya hayo. Hauna matawi, na una chipukizi moja tu la kukua, lililo ndani ya shaha, ule moyo laini wa kileleni. Ndiyo maana mdudu chonga, yule anayetoboa minazi, akilifikia, mti wote huwa hatarini. Kwa mkulima wa kawaida, njia pekee ya kuuzalisha ni nazi.

Tena upunga wa mnazi una maua ya kiume mengi kuelekea ncha za vitawi vyake, na ya kike machache, makubwa, karibu na shina la vitawi hivyo. Katika mnazi mrefu, ya kiume kwa kawaida humaliza kutoa chavua kabla ya yale ya kike kuwa tayari, hivyo chavua huletwa na nyuki na upepo kutoka mti mwingine. Katika kitamli, yaani mnazi wa aina fupi, nyakati hizo hupishana kidogo tu, na mti mara nyingi hujichavusha wenyewe. Baada ya hapo, kidaka, yaani nazi changa kabisa, kisipodondoka, na vingi hudondoka, huchukua miezi 12 hivi kufika nazi.

Kwa hiyo ukitaka mbegu ya kitamli, usitegemee mti uliozungukwa na minazi mirefu. Mche wa kitamli chenye nazi za rangi ya chungwa huonesha rangi hiyo kwenye vikonyo vya majani tangu ukiwa mdogo. Ukiuona una vikonyo vya kahawia, baba yake ni mnazi mrefu wa jirani.