Punda wetu wanaibwa, na kituoni tunaambiwa wamepotea

Ndugu zangu wenye punda, na hata ninyi msio na punda lakini mnaletewa maji, makaa na nyasi mlangoni kwa mkokoteni, naandika haya nikiwa na hasira niliyoizuia kwa wiki tatu ili nisije nikamtaja mtu asiyestahili kutajwa. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha wenye punda pembezoni mwa mji wa Naivasha. Kazi ya katibu ni kuandika, na ninachokidai ni kimoja tu: punda akiibwa, wizi huo uandikwe kituoni kama wizi, siku hiyohiyo, na mwenye mali aondoke na nambari ya OB mkononi, yaani nambari ya ripoti katika kitabu cha matukio cha polisi. Mengine yote nitakayoyasema yametokana na kukosekana kwa jambo hilo.

Nilikuwa na punda wawili, dume ninayemwita Bahati na jike aitwaye Kadogo, ambao hufungwa chini ya mgunga ulio nyuma ya nyumba yangu, hatua kama ishirini kutoka dirisha la chumba ninacholala. Saa kumi na moja alfajiri ya siku ya Jumanne nilitoka na taa kwenda kuwafunga mkokotenini, nikamkuta Bahati amesimama peke yake, anatetemeka, masikio ameyalaza nyuma. Kamba ya Kadogo ilikuwa bado imefungwa mtini, lakini kilichobaki kilikuwa kipande cha urefu wa mkono. Nilikishika nikakimulika. Kamba ya katani ikikatika kwa kuvutwa na mnyama huchanika, nyuzi zake zikatawanyika kama ufagio. Hii ilikuwa na ncha iliyolingana sawasawa, bila uzi hata mmoja uliochomoza. Ilikatwa kwa kisu kikali, kwa mkono mmoja uliotulia, huku nikiwa nimelala. Kulipopambazuka tulizifuata nyayo zake pamoja na jirani yangu hadi kwenye barabara ya vumbi, na pembeni yake palikuwa na alama za viatu vya watu wawili, na barabarani alama za magurudumu ya gari lililogeuza. Nyayo za Kadogo ziliishia hapo.

Nilikwenda kituoni nikiwa na kile kipande cha kamba mfukoni. Sitataja ni kituo gani, kwa kuwa nimesikia habari hiihii kutoka kwa watu wa vituo vingine. Nilisalimia, nikasema, "Afande, nimekuja kuandikisha wizi." Akaniuliza wizi wa nini. Nilipojibu kuwa ni wa punda, aliyekuwa amekaa nyuma yake aliinua kichwa akacheka, na aliyekuwa kaunta akaniambia kwa upole wa kumbembeleza mtoto, "Mama, umetafuta vizuri? Asante ya punda ni mateke. Huenda amekukimbia." Nilimwekea kile kipande cha kamba mezani. Hakukigusa. Akanishauri nirudi baada ya siku mbili iwapo mnyama hatakuwa amerejea mwenyewe, na nikamwona kwa macho yangu akifunga kitabu cha matukio bila kuandika neno. Niliporudi siku ya tatu nilikuta zamu nyingine, na kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu yoyote, ilinibidi nianze upya, na afande huyu naye akashangaa kwa nini nimekaa siku tatu nzima bila kuripoti.

Sasa naomba msomaji yeyote anayedhani kwamba labda sheria haimjui punda asikie vizuri. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 278, imeutenga wizi wa mifugo kuwa kosa lenye adhabu yake, kifungo kisichozidi miaka 14, na katika kuwataja wanyama hao imemtaja farasi, imemtaja punda, imemtaja nyumbu aliye chotara wa farasi na punda, ngamia, ng'ombe, mbuzi, hata mbuni. Punda hakuingizwa humo kwa huruma. Yumo kwa jina lake, na watoto wake wamo pia. Mwenye farasi wa mashindano kule Ngong na mimi mwenye punda wa kubeba maji tunalindwa na kifungu kimoja, ila sitaki kuamini kwamba mwenye farasi angeambiwa arudi nyumbani akaangalie kama farasi wake amerejea. Kwa hiyo afande anapokataa kuandika, hapungukiwi na sheria. Anaidharau mali ya mtu wa chini, na mimi nakataa kuliita jambo hilo kwa jina jingine.

Na mali yenyewe si ndogo. Mkokoteni wangu hubeba mitungi 20 ya lita 20, yaani lita 400 kwa safari moja, na punda wawili wenye afya huenda safari mbili kabla jua halijawa kali. Siku Kadogo alipoibwa, mapato ya nyumba yangu hayakupungua nusu kama mtu anavyoweza kuhesabu. Yalikaribia kwisha, kwa sababu mkokoteni ule ni wa punda wawili na Bahati peke yake hawezi kuuvuta ukiwa umejaa kwenye ule mlima wa mchanga mlaini. Binti yangu wa darasa la saba alianza kubeba mtungi mgongoni kabla ya kwenda shule, kwa ugwe wa kupitisha kwenye paji la uso, kama alivyobeba bibi yangu. Mtu anayesema "ni punda tu" aje aone ule mstari mwekundu ulioko kwenye paji la uso la mtoto huyo saa moja asubuhi. Tena punda hawezi kurudishwa upesi kama kuku. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo inabidi afikishe miaka mitatu au zaidi kabla ya kuwekewa mzigo wa maana. Anayenunua leo hununua kwa bei ambayo miaka kumi iliyopita ingetosha kununua wawili na kubaki na ya nyasi.

Hili halikuanza jana, na wenye umri wanakumbuka. Kuanzia mwaka 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda yenye leseni ya kuuza nje, manne kwa jumla, katika kaunti za Baringo, Nakuru, Machakos na Turkana, na kilichotafutwa hasa kilikuwa ngozi, inayochemshwa huko China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Taasisi yetu ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilikuja kuonyesha kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu punda wa Kenya kuwa takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ilikuta wamepungua hadi chini kidogo ya milioni 1.2. Kabla ya machinjio hayo punda wangu wakilala nje bila mlinzi sikuwa na wasiwasi, kwani nani angemwiba mnyama asiyeliwa na majirani? Baada ya hapo ndipo tulipojifunza kuamka saa nane usiku kwenda kuhesabu.

Februari 2020 aliyekuwa waziri wa kilimo, Peter Munya, alitangaza marufuku ya uchinjaji huo, na wanawake wa kikundi chetu walipiga vigelegele. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Nayataja haya yote kwa sababu sisi tunaoishi na punda hatujawahi kusomewa lolote kati ya hayo kwenye baraza la chifu. Tumebaki kuulizana wenyewe kwa wenyewe: leo hii kuna mtu mwenye ruhusa ya kuchinja punda? Anachinjia wapi? Gari lenye punda sita likipita saa tisa usiku, lina kibali cha kusafirisha mifugo au halina, na ni nani aliyelisimamisha akakiangalia? Kama jibu lipo, limefungiwa ofisini.

Na palipokosekana jibu, uvumi umejaa. Nitausema ulivyo, kwa sababu nimechoka kuusikia ukinong'onezwa. Inasemwa kwamba wezi huja mchana wakijifanya wanunuzi wa vyuma chakavu, wakafunga kitambaa chekundu kwenye ua wa nyumba yenye punda ili wenzao wa usiku waitambue. Inasemwa kuna unga wanaompulizia punda puani asilie. Inasemwa nyama inafika Nairobi alfajiri na kuchanganywa na ya ng'ombe. Hilo la mwisho siwezi kulipuuza, kwani habari za mizoga ya punda iliyokutwa vichakani imechunwa, na watu kukamatwa na nyama hiyo, zimetangazwa zaidi ya mara moja, na mimi mwenyewe nimewahi kuona kwato nne na kichwa vimeachwa kwenye korongo, vimepangwa vizuri kama mtu aliyemaliza kazi yake bila haraka. Lakini la unga silijui, na la kitambaa nililichunguza. Nilipita nyumba kwa nyumba, na katika nyumba tano zilizoibiwa punda hakuna hata moja iliyokuwa na kitambaa uani.

Hata hivyo kitambaa hicho nusura kimuue mtu. Wiki mbili zilizopita kijana wa vyuma chakavu, ambaye amekuwa akipita mtaani kwetu na mizani yake kwa miaka, alionekana ameshika kitambaa chekundu cha kufutia jasho. Mama mmoja alipiga ukemi, na kabla sijafika walikuwa watu hamsini au zaidi, na mawe mikononi. Niliwajua karibu wote, na wengi wao wamewahi kuibiwa. Mzee mmoja aliyepoteza punda watatu kwa mwezi mmoja alikuwa mbele kabisa, analia, anasema, "Polisi hawaandiki, basi tutaandika sisi." Tulimwokoa kijana yule kwa kumwingiza kwenye duka la dawa na kufunga mlango wa chuma, na alitoka akiwa na sikio lililopasuka. Kwake mlikutwa nini? Betri mbili za gari na sufuria iliyotoboka. Nawalaani waliorusha mawe, nami nimewaambia usoni. Lakini namlaumu vilevile aliyekaa kaunta akafunga kitabu, kwa sababu mzee yule alikwenda kwake mara tatu kabla ya kuokota jiwe. Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtaani kwetu msemo huo umegeuzwa hukumu, na mtu anaweza kufa kwa sababu yake.

Kuna watakaonijibu kwamba tatizo ni letu, kwamba hatuwawekei punda wetu alama wala hatuwafungii ndani. Kuhusu alama nakubali kwa sehemu: ng'ombe wa majirani zetu Wamaasai wana chapa na mkato wa sikio unaotambulikana hadi ng'ambo ya bonde, ilhali punda wa mjini wengi wanatambulikana kwa macho ya mwenyewe tu. Kikundi chetu kimeanza kurekebisha hilo, na kila punda sasa ana ukurasa wake katika daftari langu, na picha mbili za simu. Kuhusu kuwafungia ndani, mtu anayelala na watoto wanne kwenye chumba kimoja cha mabati asiambiwe ajenge zizi la mawe ndipo apate haki ya kusikilizwa na polisi. Mwenye duka akivunjiwa haulizwi kwanza kwa nini hakuweka kufuli la pili.

Daftari hilo, nililolazimika kulianzisha, ndilo nitakalobeba kupeleka malalamiko yetu. Nimeandika humo tarehe ya kila wizi, mahali, hali ya kamba, njia nyayo zilikoelekea, kituo alikokwenda mwenye mali na jibu alilopewa kwa maneno yaleyale. Kati ya watu watano walioibiwa mtaani kwetu, aliyepata nambari ya OB ni mmoja, na aliipata baada ya kwenda na shemeji yake aliye wakili. Barua yetu kwa mkuu wa polisi wa eneo na kwa afisa wa mifugo wa kaunti iko tayari, na inaomba mambo matatu yasiyohitaji bajeti: kila ripoti iandikwe, kila gari la mifugo la usiku litakiwe kibali, na chifu atangaze barazani ni nani mwenye ruhusa ya kuchinja punda na ni nani hana. Ninachowaomba mlioko Mwea, Limuru, Kajiado, Mogotio na kwingineko ni mniandikie hapa chini yaliyowapata kwa utaratibu huohuo. Tafadhali msiniletee habari za unga na vitambaa. Nileteeni tarehe, mahali, na jibu mlilopewa kituoni, nami nitayaambatisha yote.

Na iwapo mtu amemwona: Kadogo ni jike wa kijivu, ana umri wa miaka tisa, ana ule mstari mweusi wa mgongoni unaokatiza mabegani, ila upande wa kulia umekatika katikati kwa kovu la mkanda. Ncha ya sikio la kushoto imechanika tangu utotoni. Shingoni aliondoka na kamba ya katani iliyokatwa, na kipande kinacholingana nayo bado ninacho.