Simva, atorva au rosuva: ipi haichoshi?

Mkaanga_Makorora: Wakuu, salaam. Nimeshapita hamsini, nipo Makorora, Tanga, na baiskeli ndiyo miguu yangu. Tangu nianzishiwe simvastatini (simva) miligramu 40 ya kushusha kolesteroli, mapaja mazito, pumzi fupi. Kwenda Mgandini sokoni tu nashuka nasukuma! Jirani anasifia atorva (atorvastatini), shemeji anasema rosuva (rosuvastatini). Mliozipitia nilinganishieni.

bibi_wa_mkumbi: Pole mwanangu. Nilianza na simva kama wewe, uchovu mtindo mmoja. Nikahamishiwa atorva 20, afadhali kidogo tu. Rosuva 10 ndiyo imenirudishia nguvu, sasa nakuna nazi mwenyewe. Ubaya wake bei, na si kila duka la dawa wanayo.

Chupa_na_Kidonge: Mimi niko duka la dawa. Mkaanga, kabla ya kulinganisha, kuna dawa nyingine unayotumia?

Mkaanga_Makorora: Ya presha, amlodipini 10. Na baiskeli, hahaha.

Chupa_na_Kidonge: Basi tuanzie hapo. Anayetumia amlodipini hatakiwi kuvuka simva 20 kwa siku, kwa sababu amlodipini huzuia mwili kuivunjavunja simva, ikajaa zaidi damuni, na misuli ndiyo inayolipa. Rosuva na prava (pravastatini, ndugu yao mwingine) hazivunjwivunjwi na mwili kwa njia hiyo, kwa hiyo hapo zina nafasi nzuri. Tofauti nyingine: simva haikai sana mwilini, ndiyo maana inamezwa usiku, ini linapotengeneza kolesteroli kwa wingi. Atorva na rosuva meza saa yoyote, mradi usisahau. Kwa nguvu, rosuva 10 inaishinda simva 40. Na balungi liache kabisa ukiwa kwenye simva. Machungwa ya Muheza kula tu.

Mbishi_Raskazone: Mnaonea dawa. Kuna utafiti wa London uliotoka 2020. Walichukua watu 60 walioacha statini (ndilo kundi la dawa hizi zote, simva, atorva, rosuva na prava) kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa zamu: mwezi huu statini, mwezi mwingine kidonge kitupu kisicho na dawa, mwingine hakuna kidonge. Asilimia 90 ya usumbufu waliousikia kwenye statini waliusikia na kwenye kidonge kitupu.

bibi_wa_mkumbi: Kwa hiyo mimi nilikuwa naota?

Mbishi_Raskazone: Sijasema hivyo bibi, shikamoo. Nasema hofu nayo inachosha.

Chupa_na_Kidonge: Utafiti huo ni wa kweli, lakini upo na wa California wa 2012, watu zaidi ya 1,000, simva 20 na prava 40 dhidi ya kidonge kitupu. Waliomeza statini walilalamikia uchovu zaidi, hasa wanawake. Bibi hakuota.

NesiMstaafu: Mmesahau thairoidi, ile tezi ya shingoni. Tezi hiyo ikizembea, mtu anachoka, misuli inauma, na kolesteroli yenyewe inapanda. Utabadilisha statini zote uzimalize na uchovu upo palepale. Omba kipimo cha damu cha TSH, kinachopima tezi hiyo, na CK, kinachoonyesha kama misuli imeumia. Mkojo ukiwa rangi ya soda ya Coca-Cola au misuli ikiuma vibaya, hiyo si ya kuuliza humu, ni hospitali siku hiyohiyo. Na zote zikikushinda kuna ezetimibe, si statini. Peke yake inashusha kolesteroli mbaya kama moja ya tano tu, ndiyo maana haianzi.

Mkaanga_Makorora: Asanteni sana. Sasa leo usiku nimeze au nisimeze?

NesiMstaafu: Umewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo?

Mkaanga_Makorora: Hapana mama. Presha na hayo mafuta tu.

NesiMstaafu: Usijikatie wala usijipunguzie mwenyewe, ila usingoje tarehe ya kliniki pia. Kesho asubuhi nenda na paketi zote mbili mkononi, umwambie daktari: simva 40 na amlodipini 10. Atajua pa kuanzia. Na usiende kwa baiskeli.

Mkaanga_Makorora: Bajaji basi.