Wafanyakazi wangu wananiita dada ila kazi ndio hivyo tena. Nakosea wapi?

Binti_Mwaloni

Habari za jioni wakuu, poleni na mihangaiko. Naombeni ushauri ila msinichambe sana maana najua humu kuna watu hasira zenu ziko karibu.

Nina stoo ya dagaa hapa Kirumba, Mwanza, sio kubwa, aliianzisha marehemu mama mimi nikaishika mwaka juzi alipofariki. Nina watu saba. Vijana watatu wa kupakua, kushona magunia na kubeba, na wanawake wanne wa kuanika, kuanua, kupepeta na kuchambua. Katika hao wanne mmoja nimesoma naye shule ya msingi, mwingine alikuwa na mama toka mimi niko fomu two, huyo namwita ma'mdogo na yeye ananiita mwanangu. Hapo tu mshaanza kuiona shida inakotokea.

Mimi kufoka sijui. Nikiingia asubuhi nasalimia mmoja mmoja, saa nne chai tunakunywa wote, maandazi sahani moja, mtu akifiwa naenda mpaka kijijini kwao, mtoto akiumwa natoa hela ya dawa na siandiki popote. Niliona ndio utu, mama mwenyewe ndivyo alivyokuwa. Sasa matokeo yake kuingia ni saa moja asubuhi, kuna kijana mmoja anaingia saa mbili na nusu kashika mhogo wa kuchoma kwenye gazeti, "dada karibu mhogo". Na mimi nakula kweli, hapo ndio ujinga wangu, ukishakula mhogo wa mtu utamfokea saa ngapi?

Kilichonileta humu ni juzi Jumanne. Tulikuwa na mzigo mwingi kwenye vichanja, mzuri kweli, unang'aa kama sindano. Mimi nilienda benki. Narudi nakuta wingu jeusi limeshasimama ziwani kule upande wa Kamanga na upepo umegeuka, naangalia chanjani hakuna mtu, wote wako ndani wamekusanyika kwenye simu ya mmoja wanaangalia sijui vichekesho gani, wanacheka mpaka wanashikana. Nikaanza kuanua peke yangu na kitenge changu cha benki, nikaita, mmoja akanijibu toka ndani "dada hiyo haifiki huku". Ilifika. Tuliokoa kama nusu, waliobaki wamelowa vibaya, magunia manne yote yameishia kwa watu wa chakula cha kuku na bei ya kuku mnaijua.

Nililipuka. Nilisema maneno ambayo sijawahi kuyasema, nikawajumuisha wote, mpaka ma'mdogo, nikamaliza kwa kusema hasara nakata kwenye mishahara yenu wote sawasawa. Toka siku hiyo stoo imekuwa kama msibani. Wanawahi, ndio, ila hakuna anayeongea, chai ma'mdogo hanywi anasema amefunga na mimi najua hafungi, na wameanza kuniita bosi. Yaani wakisema "bosi" naona bora wangenitukana.

Siku chache zijazo giza linaanza, zile siku za usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi inaingia na mzigo, nitawahitaji mpaka usiku. Nirudi kuwa dada waendelee kunizoea au nibaki hivi hivi bosi? Walioajiri watu njooni.

mchuuzi07

Fukuza wote anza upya. Pale sokoni Mwaloni asubuhi ukipiga mluzi tu wanakuja vibarua ishirini. Mfanyakazi ukimchekea unavuna mabua. Na huyo wa mhogo anza naye.

Nahodha_Mstaafu

Mchuuzi07 wewe hujawahi kuwa na mtu anayejua kazi akakuondokea, ungekuwa na adabu kidogo. Mtu wa kupepeta dagaa bila kuwavunja vichwa humpati kwa mluzi.

Binti pole na mzigo. Mimi nilikuwa na mitumbwi miwili ya dagaa, kambi kisiwani Kome, miaka mingi, sasa nimepumzika magoti yamegoma. Nikwambie kitu kuhusu mtumbwi. Hakuna sehemu yenye utani kama kambini, mbalamwezi ikiwa kubwa hakuna kuingia ziwani watu wamekaa tu wanashona nyavu, pale nahodha anatukaniwa mpaka ukwe wake, anacheka, anakula sahani moja na yule dogo wa kumwaga maji mtumbwini. Ila mkishaingia majini, taa zimewashwa, wavu umeshuka, nahodha akisema vuta wanavuta, akisema acha tunarudi wanaacha hata kama dagaa wamejaa chini ya taa wanaonekana. Huyo nahodha hajabadilika sura wala sauti. Ni kwamba kila mtu alishaambiwa kabla ya kushuka nani anakaa wapi, nani taa, nani injini, nani kamba, na kila mtu anajua upepo ukigeuka sio muda wa kujadiliana.

Sasa nikuulize wewe, Jumanne ile nani alikuwa na zamu ya kuangalia anga? Naona jibu lako kabla hujaandika. Hakuna. Wote walikuwa na kazi ya kuanua kwa hiyo hakuna aliyekuwa nayo. Halafu umewafokea saba kwa kosa ambalo hukumpa mtu hata mmoja alishike. Ukali wako umeanguka chini mwanangu, hauna wa kumpata, ndio maana wamenuna wote.

Na la pili, hesabu. Mimi nilikuwa na nahodha ni shemeji yangu wa damu, tunapendana, nikaja kugundua petroli inapungua. Nilitaka kumfukuza usiku ule ule. Baba yangu akaniuliza, hiyo petroli huwa mnaipima mbele ya nani? Nikanyamaza maana nilikuwa nampa dumu na kuondoka, kwa kumwamini. Toka hapo mafuta yakapimwa asubuhi watu wote wapo, na giza likiisha mgao tunakaa chini ya mwembe, nasoma daftari kwa sauti, mauzo haya, mafuta haya, chakula hiki, nyavu zimeshonwa kwa hiki, kilichobaki fungu la chombo hili na fungu la wavuvi hili. Anayebisha anabisha hapo hapo. Shemeji nikabaki naye miaka sita zaidi na utani ukaendelea vile vile, tena ukazidi.

kibarua_wa_Nyakato

Mimi naandika kwa upande wa pili maana humu naona mabosi watupu.

Dada samahani kukuuliza, unalipa tarehe ngapi? Hujasema. Umesema chai, maandazi, msiba, hela ya dawa, siku ya mshahara hujaitaja hata kidogo na mimi hapo ndipo macho yangu yalipoenda. Nilishafanya kwa mama mmoja mtu wa watu sana, anatuita wanangu, tukiwa na njaa anatupikia, ila mshahara "mwanangu vumilia kidogo mzigo haujatoka". Mwezi wa kwanza unavumilia, wa pili unavumilia, wa tatu unaanza kuja saa tatu. Humwambii kitu maana amekupikia ugali, utamdai vipi mtu aliyekupikia ugali? Basi unamdai kwa kuchelewa. Wewe unaona mtu amekuzoea kumbe mwenzio ana lake moyoni.

Baadaye nikapata kiwanda kimoja cha minofu, pale msimamizi wetu alikuwa mwenzetu tu, tulianza naye mezani tunakata sangara akapandishwa cheo. Wiki ya kwanza akatuita akasema jamani mimi ni yule yule, jioni tutakunywa soda kama kawaida, ila ripoti ya kuchelewa nitaandika na wa kwanza kuandikwa atakuwa huyu hapa, akamwonyesha rafiki yake kabisa wa kupanga chumba kimoja. Tukacheka. Jumatatu yule rafiki kachelewa, kaandikwa. Hakufoka hata siku moja yule jamaa na hakuna aliyemchezea.

Kitu kingine, hela za dawa unazotoa "na siandiki popote", wenzake wanaziandika. Vichwani. Mmoja anajua fulani alipewa elfu ishirini yeye alipewa elfu kumi.

Mama Kulwa

Mwadila binti yangu.

Mengine wameshasema mimi naongelea huyo mama mdogo. Huyo hafokewi mbele ya watoto aliowafundisha kazi. Hata kama kakosa. Tena kwetu Usukumani mtu aliyekaa na mama yako mpaka anafariki huyo sasa ndiye mama, ukimjumuisha na vijana wa mhogo umemvua nguo. Nenda kwake jioni, sio stoo, nyumbani kwake, nenda na kilo ya sukari na usianze na habari za dagaa.

Ila na yeye usimwache hivi hivi kuwa mama wa kukaa kivulini. Mpe kichanja. Yeye ndiye aseme leo tunaanika wapi, tunaanua saa ngapi, na wewe mwenyewe akisema anua unaanua. Mtu mzima asiye na kazi yake mahali atajitafutia kazi ya kununa.

Nahodha_Mstaafu

Mama Kulwa nakuunga mkono ila kwa tahadhari, mtu mzima ukimpa usukani halafu akawa anawabeba walio wake utashindwa kumtoa. Mpe kwa zamu.

Mama Kulwa

Wewe mzee hujui wanawake wa dagaa wewe. Hao wakiona kapendelea watamla yeye kabla hajafika kwa binti.

mtu_wa_mikataba

Naingia kwa sababu ya hapo kwenye "nakata kwenye mishahara yenu wote sawasawa", dada usije ukafanya hivyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara lakini sio kwa kujumlisha. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la huyo mtu mwenyewe, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi na ulivyokokotoa, umpe nafasi ya kupinga, usimdai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mvua iliyokuta watu saba ndani wanaangalia vichekesho, utathibitisha kosa la yupi? Nahodha ameshakujibu, hukumpa mtu zamu.

Na mchuuzi07 anayesema fukuza wote, mwenye zaidi ya miezi sita kazini ukimfukuza kienyeji ana siku 30 kupeleka malalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wa kwanza kuulizwa ni wewe mwajiri, onyo uliloandika liko wapi. Hata kikao cha nidhamu mtu anatakiwa apewe si chini ya saa 48 za kujiandaa. Na hilo la kuwahitaji mpaka usiku, kawaida ni saa 45 kwa wiki na si zaidi ya 9 kwa siku, zikizidi ni ovataimu, mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Waambie kabla giza halijaanza wajue wanapata nini, usiku hautakuwa mgumu hivyo.

mchuuzi07

Haya nimeonywa mara mbili kwenye uzi mmoja. Mimi nilikuwa natania jamani. Nusu.

Binti_Mwaloni

Nimerudi wakuu, nimechukua siku mbili kwa makusudi.

Kibarua_wa_Nyakato umenichoma. Hapana sina tarehe. Nalipa mzigo ukitoka, wateja wangu wakubwa ni wa Kongo na wengine wananilipa nusu nusu, kwa hiyo na mimi nalipa nusu nusu. Sikuwahi kuona kama ni deni, niliona tunaelewana. Nimekaa na daftari jana usiku nikakuta kuna mtu nadaiwa naye toka Machi, na ni huyo huyo wa mhogo. Nilikaa kimya kama dakika kumi.

Kwa ma'mdogo nimeenda. Nilibeba sukari kama Mama Kulwa alivyosema na kweli sikuanza na dagaa, tuliongea habari za kaburi la mama linahitaji kusakafiwa, tukalia kidogo, halafu yeye mwenyewe ndio akaanza. Hakukasirika kwa kufokewa. Akasema, "mwanangu, ulijumlisha hasara ukaigawa kwetu sote. Ile faida ya mwezi wa sita mbona hukuijumlisha?" Sikuwa na jibu na sina mpaka sasa. Mwezi wa sita niliuza vizuri sana nikanunua friji.

Makato nimefuta, nimewaambia leo asubuhi wote wamesimama. Mishahara ya nyuma nimelipa watu wanne, watatu nawamalizia Jumamosi, friji naona itarudi ilikotoka. Zamu ya anga imeandikwa kwa mkaa mlangoni, majina saba na langu la nane. Kusimamia vichanja nimempa ma'mdogo giza hili moja, tutaona, nahodha na Mama Kulwa endeleeni kugombana mimi nitawaletea majibu. Daftari la kuingia nimeliweka kwenye meza ya chai.

Kijana wa mhogo leo kaingia saa moja na dakika ishirini. "Dada karibu mhogo." Nimeuchukua nikala, huku natafuna nikamsogezea daftari na kalamu. Kaangalia daftari, kaniangalia mimi, kaandika mwenyewe dakika 20 na sahihi, anacheka.

mchuuzi07

Ulikuwa na pilipili?

Binti_Mwaloni

Na chumvi.